Kampuni ikiyumba: Chama cha wafanyakazi huokoa nini?

MTU anayetoka Namoruputh, magharibi mwa mji wa Lodwar katika eneo la Loima, akitafuta kazi ya mshahara, huwa na njia chache mbele yake. Anaweza kwenda Lodwar kwenyewe, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, ambako waajiri wakubwa ni serikali, shule na hospitali. Anaweza kupanda gari hadi Kakuma, ambako mashirika ya misaada yamekuwa yakiwahudumia wakimbizi tangu mwaka 1992. Au anaweza kuelekea kusini, Lokichar, ambako mafuta yaligunduliwa mwaka 2012.

Mbali na ajira ya serikali, njia hizo zina sifa moja inayofanana: mwajiri anaweza kuyumba wakati wowote. Bei ya mafuta hushuka katika masoko ya mbali. Wafadhili hukaza mikono. Mkandarasi humaliza kazi yake na kufunga kambi. Swali linalobaki ni nini kinachompata mfanyakazi siku hiyo. Je, ataarifiwa mapema? Nani ataondoka kwanza? Ataondoka na nini mfukoni?

Majibu ya maswali hayo hutegemea mambo mawili: sheria inasema nini, na ni nani anayesimama kuhakikisha kwamba inafuatwa. Jambo la pili ndilo linaloleta chama cha wafanyakazi katika habari hii. Waajiri wengi huamini kwamba vyama huzizamisha kampuni zilizo taabani. Viongozi wa vyama nao hudai kwamba ndio waokoaji wa ajira. Rekodi ya Kenya yaonyesha kwamba madai yote mawili yametiwa chumvi. Mara chache chama huiua kampuni, na mara chache huiokoa. Kazi yake kubwa ni kuamua jinsi hasara itakavyogawanywa.

CHAMA HUPATAJE NGUVU?

Historia ya vyama nchini Kenya ni ndefu. Makhan Singh aliunda Chama cha Wafanyakazi cha Kenya mwaka 1935, wakati wa ukoloni, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walifanya migomo mikubwa mwaka 1939 na 1947. Baada ya uhuru, vyama vilikusanywa chini ya mwavuli mmoja, COTU, mwaka 1965. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho, kushiriki shughuli zake na kugoma.

Hata hivyo, haki iliyo katika karatasi haitoshi. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Leba ya mwaka 2007, mwajiri analazimika kukitambua chama pale tu kinapokuwa kimeandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaoruhusiwa kujiunga. Baada ya kutambuliwa, pande mbili hujadiliana na kutia saini mkataba wa pamoja unaotaja mishahara, saa za kazi, likizo na marupurupu. Mkataba huo husajiliwa mahakamani na huwa na nguvu ya kisheria kwa pande zote. Ada za wanachama hukatwa moja kwa moja kwenye mishahara na kupelekwa kwa chama.

Mgomo nao una taratibu zake. Ni sharti mgogoro uwe umepelekwa kwa msuluhishi na kushindikana, kisha chama kitoe ilani ya siku saba. Mgomo unaoruka hatua hizo unaweza kusimamishwa na mahakama, na washiriki wake wakajikuta hawana kinga.

SHERIA YA KUPUNGUZA WAFANYAKAZI

Kampuni inapokosa fedha, hatua ya kwanza kufikiriwa huwa ni kupunguza watu. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinaruhusu jambo hilo, lakini kwa masharti. Mwajiri lazima atoe ilani angalau mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na idadi ya watakaoathirika. Ikiwa mfanyakazi ni mwanachama, ilani hiyo huenda kwa chama chake na kwa afisa wa leba. Ikiwa si mwanachama, yeye mwenyewe huandikiwa barua, na afisa wa leba pia huarifiwa.

Katika kuchagua wa kuondoka, mwajiri hutakiwa kuzingatia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Anayeondoka hulipwa siku za likizo alizobakisha, mshahara wa mwezi mmoja ikiwa hakupewa ilani ya mwezi, na malipo ya kuachishwa kazi yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi.

Chukua mfano wa mfanyakazi anayelipwa Sh30,000 kwa mwezi na aliyetumikia miaka minane. Kwa hesabu ya siku 30 kwa mwezi, siku 15 mara nane ni siku 120, yaani Sh120,000. Akiongezewa mshahara wa mwezi badala ya ilani, anaondoka na Sh150,000 kabla ya kuhesabiwa likizo. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Chama kilichojadiliana vyema kinaweza kuandika katika mkataba wa pamoja siku 30 badala ya 15, na malipo ya miaka hiyo minane yakafika Sh240,000. Ikumbukwe pia kwamba sheria inakataza mfanyakazi kupunjwa malipo hayo kwa sababu ya kuwa, au kutokuwa, mwanachama.

Kwa hiyo hata asiye na chama ana haki zake. Tofauti ni kwamba mwanachama ana mtu wa kuzidai kabla mlango haujafungwa, ilhali asiye na chama huzidai akiwa nje ya lango, kwa nauli yake mwenyewe.

FUNZO LA KENYA AIRWAYS

Hakuna kampuni ya Kenya inayoonyesha mvutano huu vizuri kuliko shirika la ndege la Kenya Airways. Lilianzishwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa shirika la pamoja la Afrika Mashariki, likabinafsishwa mwaka 1996 huku KLM ya Uholanzi ikinunua asilimia 26 ya hisa, na kwa miaka mingi likasifiwa kama kielelezo cha ubinafsishaji barani Afrika.

Mwaka 2012 shirika hilo liliamua kupunguza wafanyakazi wapatao 600. Baadhi yao waliondoka kwa hiari, lakini 447 waliachishwa kazi kwa lazima. Chama chao kilikwenda mahakamani, na mwezi Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Viwanda ikaamuru warudishwe kazini. Kampuni ilikata rufaa. Mwezi Julai 2014 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa amri ya kuwarudisha kazini, kwa hoja kwamba shirika lilikuwa na sababu halisi za kiuchumi. Hata hivyo, uamuzi huo uliacha funzo ambalo limetajwa katika kesi nyingi zilizofuata: ilani ya mwezi mmoja si barua ya kuagana. Ni nafasi ya kukaa mezani na kutafuta njia za kuepusha au kupunguza idadi ya watakaofukuzwa.

Kwa maneno mengine, chama hakikuweza kuwarudishia watu hao kazi. Kilichopatikana ni kanuni inayomlinda kila mfanyakazi wa Kenya, awe rubani wa ndege au mlinzi wa ghala huko Lodwar.

Je, shirika hilo liliangushwa na vyama? Takwimu hazisemi hivyo. Hasara ya mwaka wa fedha wa 2014/15 ilikuwa takriban Sh25.7 bilioni, na mwaka uliofuata Sh26.2 bilioni. Chanzo chake kilikuwa ununuzi wa ndege nyingi kwa mikopo ya dola, mikataba ya bei ya mafuta iliyogeuka hasara, ushindani wa mashirika ya Ghuba, hofu ya ugaidi iliyopunguza watalii, na mkurupuko wa Ebola wa mwaka 2014 uliosimamisha safari za Afrika Magharibi. Maamuzi hayo ya ununuzi na mikopo yalifanywa na wakurugenzi. Hakuna chama kilichoketi katika kikao hicho.

Lakini si haki kusema kwamba vyama havikuongeza machungu. Mnamo Novemba 5, 2022 marubani waligoma wakidai, pamoja na mambo mengine, kurejeshwa kwa michango ya hazina yao ya akiba iliyosimamishwa wakati wa janga la Korona. Abiria maelfu walikwama, na wasimamizi walisema kila siku ya mgomo iligharimu takriban Sh300 milioni. Mahakama iliwaamuru warudi kazini, nao wakarudi Novemba 9. Mwaka huo ulimalizika kwa hasara ya zaidi ya Sh38 bilioni, ambayo sehemu yake kubwa ilitokana na madeni ya fedha za kigeni wala si mgomo wa siku chache. Hata hivyo, kila abiria aliyehamia shirika jingine wiki hiyo alikuwa hasara kwa mhudumu wa mizigo asiyekuwa na sauti katika ugomvi wa marubani.

Hapa ndipo udhaifu mmoja wa vyama unapojitokeza. Kampuni moja inaweza kuwa na vyama kadhaa vyenye nguvu zisizolingana. Rubani mmoja ni vigumu kumpatia mbadala. Mfagizi hubadilishwa siku hiyohiyo. Wenye ujuzi adimu wanaweza kuvuta blanketi upande wao, na wenzao wakabaki na baridi.

Mwaka 2024 Kenya Airways ilitangaza faida ya takriban Sh5.4 bilioni, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi, kisha ikarudi kwenye hasara katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025. Safari hiyo ya kupanda na kushuka yaonyesha kwamba hatima ya kampuni hubebwa zaidi na madeni, ndege zenyewe na soko.

SUKARI: KUDAI KILICHOKWISHA KUFANYIWA KAZI

Magharibi mwa Kenya, picha ni tofauti. Huko viwanda vya sukari vilididimia polepole kwa miaka mingi, vikielemewa na madeni, usimamizi mbaya, upungufu wa miwa na sukari ya bei nafuu kutoka nje. Kampuni ya Mumias, iliyokuwa kubwa kuliko zote, iliwekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi anayewakilisha mwenye kudai, mwezi Septemba 2019. Mwezi Mei 2025 serikali ilikodisha viwanda vyake vinne, Nzoia, Chemelil, Sony na Muhoroni, kwa wawekezaji wa kibinafsi kwa miaka 30.

Katika viwanda vya aina hii chama hakina cha kugomea. Mgomo ni silaha pale mashine zinapozunguka. Mashine zikisimama, mgomo ni sawa na kufunga duka ambalo tayari halina bidhaa. Kinachobaki ni kupigania malimbikizo: mishahara ya miezi mingi isiyolipwa, makato ya pensheni yaliyokatwa lakini hayakupelekwa, na ada za ushirika wa akiba na mikopo zilizoishia njiani. Wakati wa ukodishaji huo, suala la malimbikizo na la nani angebaki kazini chini ya mwajiri mpya ndilo lililokuwa kiini cha madai ya wafanyakazi na chama chao.

Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inaipa mishahara ya miezi minne ya mwisho nafasi ya mbele katika foleni ya wadai, hadi kiwango maalum. Hata hivyo, mbele ya foleni hiyo kuna gharama za wasimamizi wa ufilisi, na mali iliyowekwa rehani mahsusi, kama ardhi na mitambo, hubaki mikononi mwa benki. Chama kinachongoja hadi mrasimu aingie langoni kimechelewa. Chama kilicho macho hudai makato ya pensheni yapelekwe kila mwezi, wakati kampuni bado inapumua.

MIFANO MIWILI YA MAREKANI

Nje ya Afrika Mashariki, mifano miwili ya Marekani hutajwa mara nyingi, nayo inapingana. Kampuni ya magari ya General Motors ilipofilisika mwezi Juni 2009, chama cha UAW kilikubali masharti machungu, yakiwemo mishahara ya chini kwa waajiriwa wapya. Kwa upande wake, hazina ya matibabu ya wastaafu ilipewa asilimia 17.5 ya hisa za kampuni mpya. Kampuni ilisimama tena, kwa msaada mkubwa wa fedha za serikali. Lakini tofauti ya mishahara kati ya wakongwe na wapya iliacha kidonda, na katika mgomo wa mwaka 2023 kuondolewa kwake kulikuwa miongoni mwa madai makuu.

Mfano wa pili ni kampuni ya mikate na keki ya Hostess. Ilikuwa imefilisika mara mbili katika muda usiofika miaka kumi. Mwezi Novemba 2012 chama cha waokaji kilikataa makato mapya na kugoma. Chama cha madereva kilikuwa kimekwisha kuyakubali. Siku chache baadaye kampuni ilitangaza kufunga, na kazi zipatazo 18,000 zikawa hatarini. Mwaka uliofuata keki zake zilirudi madukani chini ya wamiliki wapya.

Tofauti ya visa hivyo haiko katika ukali wa chama. Katika kisa cha kwanza kulikuwa na mfuko wa kuokoa kampuni na kila upande ulijua wa pili unapoteza nini. Katika kisa cha pili wafanyakazi walikuwa wamekwisha kujinyima mara moja bila kuona matokeo, na imani ilikuwa imekwisha.

TURKANA: MAWIMBI MATATU

Turudi kaskazini. Turkana imeshuhudia mawimbi matatu makubwa ya ajira katika nusu karne, na yote matatu yalikupwa.

Wimbi la kwanza lilikuwa samaki. Katika ufuo wa Ziwa Turkana, Norway ilifadhili uvuvi na chama cha ushirika cha wavuvi, na kiwanda cha kugandisha samaki kikajengwa Kalokol. Kiwanda hicho hakikufanya kazi kwa muda wa maana. Kuendesha mitambo ya baridi jangwani kulikuwa ghali mno, ghuba ya Ferguson ilikauka katika miaka ya 1980, na msaada wa Norway ukakatika baada ya uhusiano wa kibalozi kuvunjika mwaka 1990. Ushirika ni tofauti na chama cha wafanyakazi: mvuvi alikuwa mmiliki na mtenda kazi kwa wakati mmoja. Ziwa liliporudi nyuma, hapakuwa na mwajiri wa kudaiwa.

Wimbi la pili lilikuwa Lokichoggio. Kuanzia mwaka 1989 mji huo ulikuwa kituo cha ndege za misaada kwa kusini mwa Sudan. Palijengwa maghala, kambi na karakana, na vijana wengi wakapata kazi za ulinzi, upishi, udereva na upakiaji. Mkataba wa amani wa mwezi Januari 2005 ulipotiwa saini, mashirika yalianza kuhamia Juba. Amani ilikuwa habari njema kwa jirani, lakini kwa Lokichoggio ilikuwa mwisho wa mshahara.

Wimbi la tatu ni mafuta. Kampuni ya Tullow ilitangaza ugunduzi wa kisima cha Ngamia 1 mwezi Machi 2012. Mwezi Oktoba 2013 wakazi waliandamana wakidai nafasi zaidi za kazi na zabuni, na kampuni ikasimamisha shughuli kwa muda. Mwezi Juni 2018 malori ya kwanza ya mafuta ghafi yaliondoka kuelekea Mombasa, yakazuiwa na wakazi waliolalamikia usalama, kisha yakaendelea baada ya makubaliano. Shehena ya kwanza ilisafirishwa nje ya nchi mwezi Agosti 2019. Mwaka 2020 Tullow, iliyokuwa taabani kifedha, ilitangaza kupunguza takriban theluthi moja ya wafanyakazi wake duniani, na mwezi Mei mwaka huo ikatoa ilani ya kushindwa kutimiza masharti ya leseni zake za Turkana kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Washirika wake wawili walijiondoa mwaka 2023, na mwaka 2025 mali hiyo ikauzwa kwa kampuni ya Gulf Energy.

Katika historia hiyo, jambo moja linajitokeza. Wakati wa kudai kazi, Turkana ilikuwa na sauti kubwa: barabara zilifungwa, malori yalizuiwa, viongozi walialikwa Nairobi. Wakati wa kupoteza kazi, sauti hiyo haikusikika kwa kiwango hichohicho. Maandamano hufungua lango, lakini hayaandiki kifungu cha malipo ya kuachishwa kazi. Hiyo ni kazi ya mkataba wa pamoja.

KWA NINI CHAMA HAKIOTI MIZIZI?

Sababu si kwamba wafanyakazi wa Turkana hawapendi vyama. Walimu na wauguzi wa kaunti hiyo wana vyama vyao, sawa na wenzao kote nchini. Sababu iko katika muundo wa ajira yenyewe.

Kwanza, kazi nyingi za visima, barabara na kambi hutolewa na wakandarasi wadogo. Kambi moja inaweza kuwa na mwajiri wa walinzi, mwingine wa wapishi na mwingine wa madereva. Chama kinachotaka kutambuliwa lazima kipate zaidi ya nusu ya wafanyakazi kwa kila mwajiri, na kabla hakijamaliza kuandikisha, mkandarasi amekwisha kuondoka.

Pili, mikataba ni mifupi. Mkataba wa miezi mitatu ukiisha siku yake, kisheria huyo hakupunguzwa; muda wake umekwisha tu. Malipo ya siku 15 kwa mwaka hayamfikii. Sheria ya Ajira, katika kifungu cha 37, ina dawa ya sehemu ya tatizo hili: kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, au anayefanya kazi isiyoweza kumalizika ndani ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa kawaida mwenye haki ya ilani. Lakini ni sharti athibitishe siku alizofanya kazi. Bila karatasi ya malipo wala rekodi ya mahudhurio, ushahidi wake ni neno lake dhidi ya la mwajiri.

Tatu, kuna suala la Kakuma. Wakimbizi wengi wanaofanya kazi katika mashirika hulipwa posho ya motisha badala ya mshahara kamili, ingawa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inatambua haki yao ya kufanya kazi. Mashirika ya Umoja wa Mataifa nayo yana kinga dhidi ya mahakama za nchi, na migogoro ya watumishi wake husikilizwa na mabaraza yake ya ndani. Misaada ya Marekani ilipokatwa mwaka 2025, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilitangaza kufuta nafasi zipatazo 3,500 duniani. Muuguzi Mkenya, mkalimani mkimbizi na dereva wa mkandarasi wanaweza kuwa wamehudumu katika kliniki moja, lakini siku ya kufungwa kila mmoja huondoka kwa sheria yake.

MFANYAKAZI AFANYE NINI?

Palipo na chama, wakati wa kujadili malipo ya kuachishwa kazi ni wakati kampuni inapata faida. Mwajiri mwenye fedha hukubali kwa urahisi kifungu anachodhani hakitatumika. Aidha, chama kinapaswa kudai kuonyeshwa hesabu za kampuni kabla ya kukubali au kukataa makato. Kukubali bila kuona hesabu ni kutoa sadaka kwa asiyejulikana, na kukataa bila kuziona ni kucheza kamari na kazi za wanachama.

Pasipo na chama, mfanyakazi anaweza kujikinga kwa kiasi. Anapaswa kutunza nakala ya mkataba, karatasi za malipo na orodha ya siku alizofanya kazi. Akiachishwa kinyume cha sheria, anaweza kulalamika kwa afisa wa leba au kwenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba ndani ya miaka mitatu, na mahakama hiyo inaweza kumpa fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12.

Kwa upande wa waajiri, kuepuka chama kwa kutumia vibarua pekee huonekana kuwa nafuu hadi siku ya matatizo. Siku hiyo mwajiri hukosa mtu wa kuzungumza naye kwa niaba ya wote, na mazungumzo yanayokosa meza huhamia barabarani. Turkana imekwisha kuona hayo mwaka 2013 na 2018.

Mafuta ya Lokichar yanatazamiwa kuchimbwa upya chini ya mwenye leseni mpya, na vijana wa Namoruputh, Lodwar na Kakuma watapanga foleni tena. Hakuna chama kitakachopandisha bei ya pipa moja la mafuta wala kumlazimisha mfadhili kutoa asichokuwa nacho. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Wimbi la nne litakapokupwa, litakalotofautisha mfanyakazi anayerudi nyumbani na Sh150,000 na yule anayerudi na sare ya kazi peke yake ni karatasi iliyotiwa saini wakati bado kulikuwa na kazi.